Mwanamume na Kivuli Chake: Mwongozo Kamili wa Kuyakabili Yale Tuliyofundishwa Kuyaficha

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Gustav Jung, aliita kivuli ile sehemu ya nafsi ambayo mtu ameikataa kwa sababu haipatani na sura anayotaka watu waione. Kwa mwanamume wa leo, vilivyomo humo vinajulikana: woga, wivu, huzuni ambayo haikuliliwa, aibu ya kukosa fedha, hamu ya kubembelezwa, na hasira iliyokosa pa kwenda. Jung aliwahi kufika kwetu. Alishuka Mombasa mwishoni mwa mwaka 1925, akapanda treni kwenda Nairobi, kisha akapiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako alizungumza na wenyeji kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Upande wa pili wa mlima huohuo, Wagisu wa Uganda walikuwa na utaratibu wao wa kushughulika na jambo hilihili, na wanao hadi leo. Kila mwaka wa shufwa vijana wao hutahiriwa katika imbalu, wakiwa wamesimama wima mbele ya watu, bila kupepesa jicho. Wazee wa huko hawafichi kwamba ule moto unaomwezesha kijana kusimama mbele ya kisu ndio huohuo unaoweza kumfanya amuumize jirani yake siku nyingine, na kwamba mtu mzima ni yule anayejua kuutawala.

Kijana wa Kigisu anaambiwa kwamba moto anao, anaonyeshwa siku na uwanja wa kuutumia, kisha anatakiwa kuutawala. Wengi wetu tulipokea theluthi moja tu ya somo hilo, ile inayosema jikaze. Tukajikaza. Lakini kilichozuiwa hakifi. Hutafuta mlango mwingine, na kwa kawaida hutokea pale ambapo gharama yake ni ndogo kwako na kubwa kwa mtu mwingine. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na swali la "mimi ni nani", ambalo mwanamume anaweza kulizunguka miaka kumi bila mtu wa nyumbani kwake kupata nafuu yoyote. Unaanza na swali la nani analipa.

Kabla ya kuanza: nani asianze peke yake

Ikiwa umewahi kumpiga mwenzi wako au kumuumiza mtoto, au ikiwa nyumba nzima hunyamaza inaposikia lango likifunguliwa, daftari na kalamu havitoshi. Kazi ya kwanza ni usalama wao. Hilo maana yake ni kulala kwingine kwa muda, kumweleza ukweli mtu ambaye neno lake unaliheshimu, awe mjomba, mshenga au kiongozi wako wa dini, na kumwona mtaalamu wewe mwenyewe kabla ya kuomba kikao cha wanandoa. Watu wa nyumbani nao wana haki ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kwa upande wa Tanzania, au kuomba amri ya ulinzi mahakamani chini ya sheria ya mwaka 2015 kwa upande wa Kenya, na mwanamume anayetaka kweli kubadilika hawezi kuita hatua hiyo usaliti.

Tahadhari ya pili inamhusu mwenyewe. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba, kidunia, kiwango cha vifo vya kujiua kwa wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Ikiwa mawazo ya kufa yanakujia, usisubiri hatua yoyote ya hapa chini: mwambie mtu leo, kisha nenda hospitali iliyo karibu nawe. Hospitali za rufaa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, na zipo hospitali za taifa za kazi hiyo, kama Mirembe jijini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na katiba, kwa hiyo hofu ya kukamatwa isiwe sababu ya kunyamaza.

Hatua ya 1: Tafuta anayelipa

Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa wiki mbili, andika kila mara ulipopandisha sauti, uliponuna, ulipokejeli, ulipokunywa kupita ulivyopanga, au ulipojifungia kwenye simu mtu akiwa anakuongelesha. Mambo manne yanatosha: siku na saa, ulichofanya, nani alikipata, na tukio lolote la siku hiyo ambalo lilikuuma ukalimeza. Usijitetee na usijitukane, kwa kuwa vyote viwili hujaza ukurasa bila kukupa habari.

Kwa mfano, ukurasa wa mwenye duka mmoja wa kubuni unaweza kusomeka hivi: "Jumanne, saa 1 usiku. Nimemfokea Neema kwa sababu ya viatu vilivyoachwa mlangoni. Mchana mwenye fremu alinidai kodi mbele ya wateja, nikacheka." Siku mbili baadaye: "Alhamisi, saa 3 usiku. Nimesusa chakula. Jioni shemeji ametangaza kwenye grupu la familia kwamba amepandishwa cheo, nikampongeza wa kwanza."

Tazama maneno "nikacheka" na "nikampongeza wa kwanza". Hapo ndipo mambo yalipotokea, saa kadhaa kabla ya kelele za nyumbani. Viatu havikuwa na uzito wowote. Mwanamume huyu aliaibishwa mbele ya watu, akavaa tabasamu, akaibeba aibu ile hadi kwa mtu wa kwanza ambaye hawezi kumjibu, naye ni mtoto wa darasa la tatu.

Wiki mbili zikiisha, hesabu majina. Kwa wanaume wengi safu ya waliolipa hujaa watu wasio na uwezo wa kurudisha: mtoto, mke, dada wa kazi, mlinzi wa getini, konda wa daladala. Bosi, mwenye nyumba na baba mzazi hukaa katika safu ya yaliyomezwa. Huhitaji nadharia yoyote kuusoma mgawanyo huo. Ukiona daftari lako halina jina hata moja la mtu mwenye nguvu kuliko wewe, hoja ya "mimi nina hasira za haraka, ndivyo nilivyoumbwa" imekwisha, kwa maana hasira za kuumbwa nazo zisingejua kuchagua.

Hatua ya 2: Ujue mwili wako kabla ya mdomo wako

Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson, watafiti wa Marekani, waliwaonyesha watu filamu fupi za kuchukiza, ikiwemo ya kukatwa mkono kitabibu, na baadhi yao wakaombwa wasionyeshe hisia zozote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Karaha waliyoisikia haikupungua, na miili yao ilionyesha dalili zaidi za kuhangaika ndani kuliko ya wale walioachwa huru. Mwanamume aliyezoea kujikaza anaweza kuamini kwamba ametulia kwa sababu tu uso wake umetulia.

Kwa hiyo jifunze dalili zako mahususi. Wengine hukaza taya, wengine masikio hupata moto, wengine huanza kuongea taratibu mno kwa sauti ya chini. Unapojikuta katikati ya mabishano, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mtafiti wa ndoa John Gottman ameeleza kwamba mapigo yakipita takriban 100 kwa dakika, uwezo wa kusikiliza hushuka sana, na kwamba mwili huhitaji angalau dakika 20 za mapumziko kabla mazungumzo hayajarejea na maana.

Kuondoka chumbani, hata hivyo, kuna namna mbili. Ukitoka bila neno, umesusa, na kususa ni adhabu. Ukitoka kwa kutaja muda wa kurudi, umepumzika. Sema hivi: "Mama Neema, nimekasirika na sitaki kusema maneno mabaya. Natoka nje kidogo, saa mbili na nusu narudi tuendelee." Kisha saa mbili na nusu uwe umerudi. Ukichelewa mara mbili tu, sentensi hiyo itapoteza thamani yake nyumbani mwako na itakuwa vigumu kuipata tena. Ndani ya zile dakika 20 usiende kijiweni kupanga hoja. Tembea, nawa uso, kaa kimya.

Hatua ya 3: Andika usichoweza kusema

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio la kuumiza pamoja na hisia zake walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na kwa wastani faida inayoonekana ni ndogo, kwa hiyo usitarajie muujiza. Bado naipendekeza njia hii kwa mwanamume kwa sababu haihitaji shahidi, na aibu nyingi hazivumilii shahidi mwanzoni.

Fanya siku nne. Siku ya kwanza andika jambo ambalo ungeona fedheha kubwa iwapo wanaume wenzako wangelijua. Siku ya pili andika jambo ulilotakiwa kulia ukazuiwa: msiba, kipigo, au siku ya jando ambapo wakubwa walikucheka. Siku ya tatu andika unachomwonea mtu wivu, ukimtaja kwa jina. Siku ya nne rudi kwenye lile lililokuwa gumu kuliko yote. Karatasi hizo zichome au zichane. Hii si hati ya kumwachia mtu aisome, na ukiandika ukimfikiria msomaji utaanza kujipamba. Ikiwa unachoandika kinakuletea kihoro kisichotulia hata baada ya saa chache, acha, na ulipeleke jambo hilo kwa mtaalamu.

Hatua ya 4: Chunguza unachokidhihaki

Jung alishikilia kwamba tunachokikataa ndani yetu hukiona kwa wenzetu, tena kikubwa kuliko kilivyo. Njia nyepesi ya kulipima hilo ni kukaa kijiweni. Akipita mwanamume aliyebeba mtoto mgongoni, au anayetoka sokoni na kikapu, hakosekani mtu wa kusema amelishwa limbwata. Msikilize anayelisema kwa nguvu kuliko wote, hasa ikiwa ni wewe. Dhihaka ya kawaida hupita na kusahauliwa. Ile inayorudiwa wiki nzima ina deni nyuma yake. Jiulize: mwanamume huyo anaruhusiwa kitu gani ambacho mimi nimejinyima? Jibu mara nyingi ni dogo kuliko ulivyotarajia, kwa mfano kwamba mkewe humwambia mambo yake, au kwamba watoto humkimbilia afikapo.

Hatua ya 5: Toa nje fedha na mwili

Hapa ndipo penye mzigo mkubwa kuliko kwingine kote. Tulilelewa kupima uanaume kwa kile kinachofika mezani, kwa hiyo fedha zikikosekana mwanamume hasemi "sina", anasema "kesho". Yupo anayetoka nyumbani kila asubuhi na begi ilhali kazi iliisha zamani. Yupo anayelipa mkopo wa simu kwa mkopo mwingine wa simu, Fuliza juu ya Fuliza, Songesha juu ya Songesha, kisha akaangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu na kuwaachia kadi yake ya benki. Yupo anayeamini kwamba mkeka mmoja wa kubeti utafuta yote kabla mke hajajua. Kwa maoni yangu siri hii huvunja nyumba nyingi kuliko umaskini wenyewe, kwa sababu umaskini unaojulikana hupangiwa mikakati na watu wawili, na deni la siri humfanya mmoja awe adui wa kila swali: "mbona umechelewa", "nani amekupigia", "hela ya shule iko wapi".

Utaratibu wa kulitoa ni huu. Andika kila deni kwenye karatasi moja: jina la anayekudai, kiasi ulichokopa, kilichobaki, tarehe ya kulipa, na dhamana uliyoiweka. Jumlisha. Chagua siku ambayo hakuna mgeni, watoto wamelala, na hakuna aliyekunywa. Kisha taja jumla katika sentensi ya kwanza: "Mama Neema, nina deni la shilingi milioni mbili na laki nne ambalo sikukwambia. Lilianza Machi. Karatasi hii ina kila kitu." Nyamaza hapo. Usieleze uchungu wako kabla hajasoma, usiombe msamaha usiku uleule, na usimkatize akilia au akifoka. Kubwa kuliko yote, usitoe nusu. Mwanamume akitaja laki tano leo na milioni moja mwezi ujao, atasadikiwa kwa shida hata siku atakayosema kweli tupu.

Siri ya pili imebandikwa kwenye nguzo za umeme kila mtaa: tangazo la dawa ya nguvu za kiume, na namba ya simu chini yake. Biashara hiyo inastawi kwa aibu, maana mteja hawezi kurudi kulalamika hadharani kwamba dawa haikufanya kazi. Tatizo la kusimamisha linaweza kutokana na msongo wa mawazo, lakini pia linaweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na baadhi ya dawa za presha huweza kulisababisha. Nenda hospitali ukapimwe sukari na presha kabla ya kununua unga usiojua umetengenezwa na nini. Mwambie mwenzi wako mapema, kwa sababu mwanamke asiyeambiwa huhitimisha mwenyewe, na hitimisho la kwanza huwa kwamba kuna mwanamke mwingine.

Hatua ya 6: Tafuta shahidi mmoja

Mke hafai kuwa shahidi wa kwanza, kwa kuwa huenda jina lake limejaa kwenye daftari, na si haki kumfanya mlipaji awe pia mfariji. Tafuta mwanamume mmoja ambaye humdai wala hakudai, si mwajiriwa wako, na urafiki wenu haukusimama juu ya pombe pekee. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, ikiwezekana mkitembea, kwani wanaume wengi husema zaidi wakiwa wanatazama njia kuliko wakiwa wanatazamana. Mpe kazi moja tu: asikushauri, akuulize nani alilipa safari hii.

Utamaduni wetu ulikuwa na ofisi kamili ya kazi hii, yaani utani. Wanyamwezi na Wazaramo, ambao utani wao unahusishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, waliruhusiana kuambiana kweli ambayo ndugu wa damu hathubutu kuitamka, hata msibani, na aliyeambiwa hakuruhusiwa kukasirika. Ukiwa na mtani wa kweli, mtumie. Atakwambia u bahili au mwoga huku akicheka, nawe utakwenda nayo nyumbani.

Tahadhari kuhusu walimu wa uanaume wa mitandaoni: wengi wao wanazitaja jeraha zetu kwa usahihi, upweke, kudharauliwa, kukosa kazi, na ndiyo sababu vijana huwasikiliza. Kisha wanampelekea mwanamke bili. Mafundisho yoyote yanayokuacha ukiwa na watu wengi zaidi wa kulipa kuliko ulivyoanza yanakulisha kivuli chako mwenyewe.

Hatua ya 7: Walipe waliolipa

Rudi kwenye majina ya hatua ya 1, uanze na mdogo kuliko wote. Kumwomba radhi mtoto hakumwondolei baba heshima. Mtoto tayari anajua kilichotokea. "Neema, juzi nilikufokea kwa sababu ya viatu. Nilikuwa na hasira za dukani, hukustahili kufokewa vile. Viatu bado uviweke pembeni." Hakuna "lakini", hakuna zawadi ya kununua kimya, na kanuni ya nyumba imebaki palepale. Kwa dada wa kazi ambaye mshahara wake umekuwa ukicheleweshwa kila ulipobanwa, maneno hayatoshi: mlipe, kisha uweke tarehe na uishike. Wengine hawatapokea radhi yako, na hiyo ni haki yao.

Hatua ya 8: Toa pia mazuri uliyoyazika

Jung alikiri kwamba kivulini hamna mabaya pekee. Mvulana aliyeambiwa aache kushona, kuimba, kupika au kumbeba mdogo wake alizika humo upole wake pamoja na woga wake. Pwani yetu ina ushahidi wa karne nyingi kwamba mwanamume anaweza kutunga beti za mapenzi na huzuni, kuzisoma barazani, na kubaki mzee anayeheshimiwa. Chagua jambo moja uliloliacha utotoni kwa kuogopa kuchekwa, ulifanye mara moja kwa wiki mbele ya angalau mtu mmoja wa nyumbani, bila kulipiga picha.

Daftari la hatua ya 1 lirudiwe kwa wiki moja kila baada ya miezi mitatu. Jina la zamani likijitokeza tena, anza upya na hatua ya 2 kwa ajili ya jina hilo. Likijitokeza jina jipya, hasa la mtu mnyonge kuliko yule wa mwanzo, mweleze shahidi wako ndani ya siku hiyohiyo.